El Salvador wananunua nini nje?

Juzi nilikua napekua mambo ya El Salvador, kanchi kadogo kuliko zote Amerika ya Kati na pekee kule isiyogusa Karibiani, so meli zao zinashukia bandari ya Acajutla upande wa Pasifiki. Aisee vitu vingi sana wananunua nje. Mafuta ya gari hawana kisima hata kimoja, mahindi ya njano ya kulisha kuku yanatoka Marekani, simu na mashine China (hao walianza nao ubalozi 2018 baada ya kuipiga chini Taiwan), alafu nyanya, vitunguu na viazi vinaingia na malori toka Guatemala, hapo jirani tu!! Maharage mekundu wanayonunua nje mengi ni ya Nicaragua.

Ila kilichonichekesha ni pamba na nyuzi, zinatoka Marekani, viwanda vyao vinashona tisheti afu zinarudi huko huko Marekani kuuzwa, mkataba wa biashara na Marekani ulioanza 2006 ndo uliondoa ushuru. Hela ya kununulia vyote hivyo wanatoa wapi? Nyingi wanatumiwa na ndugu zao walioko Marekani, na wenyewe wanatumia dola tangu 2001, kwahiyo hata kubadilisha hawahitaji.