Nyumba Yangu ya Kajulu

Jumapili, usiku.

Tangu nihamie huku mlimani Kajulu, nje kidogo ya jiji la Kisumu nchini Kenya, swali limebadilika. Zamani waliniuliza nitaolewa lini. Sasa wananiuliza, "Umemjengea nani?" Leo baada ya ibada shangazi yangu, dada yake baba, alinivuta kando akaniuliza hivyo hivyo, kwa upole, na niliona ana hofu ya kweli juu yangu. Nikamwambia, "Nimejijengea mwenyewe, shangazi." Alininyamazia kitambo, kisha akauliza mabati siku hizi ni bei gani.

Kwa msomaji asiye wa huku, katika boma la Mjaluo kila mtu ana mahali pake. Kijana wa kiume akibalehe hujenga simba, nyumba yake ndogo karibu na lango, hata ikiwa ni chumba kimoja cha udongo. Akishaoa na kupata watoto, baba humtoa akaanzishe boma lake, na siku hiyo wanabeba jogoo, shoka na moto. Kaka zangu wamepita njia hiyo na niliwashangilia kwa moyo wote, kwa sababu ni jambo zuri kuona mtu akipewa pa kusimama. Binti hana simba. Hulala kwa nyanya, akingoja kwenda "kwake". Na akifa akiwa mtu mzima ambaye hajaolewa, mila inataka azikwe nje ya ua.

Hilo la mwisho nililijua mapema. Kulikuwa na kaburi moja nyuma ya ua wetu, nasi watoto tulikatazwa kuchezea hapo. Nilipouliza ni la nani, niliambiwa ni la dada yake babu, basi, mazungumzo yakaisha. Nimelifikiria kaburi lile kuliko nilivyowahi kufikiria harusi. Mama yule alilima, alilea watoto wa ndugu zake, aliuguza wazazi mpaka mwisho, halafu akatolewa nje kwa kuwa hakuna mwanamume aliyekuja kumtolea mahari.

Najua sheria imekwenda mbele ya mila. Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika 1981, haibagui kati ya mtoto wa kike na wa kiume, awe ameolewa au la. Mwaka 2005 Mahakama ya Rufaa ilitengua uamuzi uliowapa mabinti wa marehemu mmoja ekari chache kuliko kaka zao kwa hoja kwamba wangeolewa, ikaagiza wagawiwe sawa. Nilisoma hukumu hiyo kwenye simu nikiwa bado nimepanga chumba mtaa wa Manyatta, Kisumu, nikalia. Hata hivyo sikwenda kudai ardhi ya baba. Anayekwenda kudai ana haki yake na ninamuunga mkono. Mimi nilitaka mahali ambapo hakuna mtu atakayehesabu kwamba alinipa. Nilishona sare za shule pale soko la Kibuye, nikaweka akiba kwenye chama, nikakopa sacco, nikanunua kipande hiki chenye mawe mengi kuliko udongo. Hati ina jina langu peke yake.

Asubuhi nikifungua mlango naona tambarare ya Kano yote, na upande wa pili ghuba ya Winam, ya Ziwa Victoria, ikianza kung'aa. Hakuna anayeniuliza ninakwenda wapi. Napika omena, dagaa wa ziwani, na mboga ya osuga saa ninayotaka, nasoma mpaka nichoke, cherehani naiacha katikati ya sebule. Nimeona watu wakidhani uhuru ni kelele, kusafiri, kuvunja kila kitu. Wangu ni huu wa kuamka na kukuta kila kitu kiko pale nilipokiacha. Nimetulia, na ninatamani shangazi aamini hivyo.

Sijafunga moyo. Mvua ya radi ya huku inapoanza kupiga mabati saa za jioni, wakati mwingine natamani kuwe na mtu wa kuzungumza naye. Akija mtu mwema nitafurahi. Ila maisha yangu hayasubiri kuanza mpaka afike.

Wiki iliyopita niliwapeleka wapwa zangu Kit Mikayi, yale majabali makubwa yaliyopandana kule Seme kwenye barabara ya Bondo. Mwongozaji aliwasimulia ile hadithi ya mzee aliyelipenda jiwe lile, akawa anaingia pangoni kila siku na kushinda humo, huku mke wake akimpelekea chakula. Watoto walicheka. Mimi nilikuwa namfikiria mke. Mwanamume alipotaka upweke wake, jamii ilimtungia hadithi, na jiwe likawa mahali pa kusali hadi leo. Yule aliyebeba chakula juani naye angeweza kutaka siku moja ndani ya kivuli kile. Mpwa wangu wa kike, bila kuambiwa na mtu, aliuliza, "Na yeye aliruhusiwa kuingia?" Mwongozaji hakuwa na jibu, nami nilimshika mpwa wangu mkono tukaingia.

Mama amekuja kulala huku mara kadhaa tangu mabati yaezekwe. Mwanzoni alisema anakuja kuangalia usalama. Safari ya mwisho alikuja na miche ya papai, akachagua mwenyewe pa kuipanda, akanikemea kwa kumwaga maji ya vyombo ovyo.

Leo jioni nimemwandikia kaka yangu mkubwa jambo ambalo nimelibeba muda mrefu: nikifa, iwe nimeolewa au sijaolewa, nizikwe hapa Kajulu, ndani ya ua wangu. Nimemwambia pia sababu, nikamtajia lile kaburi la nyuma ya boma. Amejibu kwamba maneno kama hayo hayazungumzwi kwenye simu, tutakaa na wazee Desemba. Ni sawa. Nitakwenda, na kabla ya hapo nitamwomba fundi anizungushie ua upande wa mashariki, ambao bado uko wazi.