"Let" ilivyoniangusha na maiki mkononi

Mi hua natafsiri kanisani tukipata wageni, sijasomea, basi tu Kiingereza changu kinaeleweka. Sasa kuna Jumapili akaja mhubiri mmoja mzee anatumia ile Biblia ya Kiingereza cha zamani, ya King James ya mwaka 1611, akafungua 2 Wathesalonike 2:7 akasoma "he who now letteth will let", nami bila hata kumeza mate nikasema kwenye maiki, "yeye anayeruhusu sasa ataendelea kuruhusu". Bibi mmoja wa benchi la mbele akashusha miwani, akaniambia kwa sauti ya kusikika, "mwanangu, hapa kwangu imeandikwa azuiaye."

Kuruhusu na kuzuia, usiku na mchana kabisa!! Nilitaka ardhi ipasuke.

Usiku nikakaa na kamusi. Kumbe let zilikuwa vitenzi viwili tofauti. Kiingereza cha kale kilikuwa na lætan, kuacha au kuruhusu, halafu kikawa na lettan, kuzuia au kukawiza, huyu ni ndugu wa late ya kuchelewa. Matamshi yakaja kufanana, na ya kuzuia ikafifia. Ni kama kupaa kwetu, ndege anapaa na samaki unampaa magamba, hayana uhusiano wowote ila sikio halitofautishi, unasubiri sentensi ikuambie. Kwa Shakespeare bado ipo, Hamlet anataka kuufuata mzimu wa baba yake wenzake wanamshika, anawaapia kwamba atakayem-let atamgeuza mzimu, yaani atakayemzuia. Ukiiweka ruhusa hapo anakuwa anaua watu kwa kumpisha njia 😂

Na haijafa yote. Binamu yangu ana pasi ya Uingereza, nikamwambia nipigie picha ukurasa wa mbele, ikaja: mwenye pasi apite "without let or hindrance", bila kizuizi. Hata kwenye tenisi mpira wa kuanzia ukigusa wavu ukaangukia panapotakiwa refa anasema let, unarudiwa, miaka yote nilidhani anasema net.

Siku hizi mgeni akija namuomba mistari mapema, naiweka King James na Union, ile Biblia yetu ya Kiswahili, ubavu kwa ubavu, penseli mkononi, kila panapogongana nachora duara. Warumi 1:13 Paulo "was let", Union inasema nikazuiliwa. Suffer nayo mara nyingi siyo kuteseka, ni kuruhusu, ile ya waacheni watoto wadogo (Kiingereza hiki kina visa jamani). Iliyonichosha zaidi ni prevent, leo ni kuzuia, kumbe zamani ilikuwa kutangulia.

Yule mhubiri alirudi, safari hii 1 Wathesalonike 4:15, akasoma "shall not prevent them which are asleep". Nikasema taratibu, "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala". Nikachungulia benchi la mbele. Bibi alikuwa anafuata mstari kwa kidole, miwani hakuigusa.