Petard na hesabu ya karani

Mimi ni karani wa kuhesabu mizigo bandarini Kilindini, na kuhesabu kumekuwa ugonjwa. Feri ya Likoni ikijaa asubuhi, nakadiria vichwa: elfu na ushei. Ndiyo watu waliokuwemo kwenye Khedive Ismail, meli ya kusafirisha askari, ilipong'oa nanga hapa Februari 1944: 1,511. Wengi walikuwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Kikosi cha 301. Wauguzi wa kike pia walikuwemo. Safari ya Seiloni, Sri Lanka ya leo.

Miongoni mwa manowari zilizousindikiza msafara ule wa meli ilikuwemo Petard ya Waingereza, na wapenzi wa manowari hawaishi kuisifu. Oktoba 1942, katika bahari ya Mediterania, iliibana nyambizi ya Kijerumani U-559 mpaka ikaibuka. Mabaharia wake Fasson na Grazier wakaingia ndani ya nyambizi hiyo huku inazama, wakatoa nyaraka za siri. Aliyezipokea na kunusurika ni Tommy Brown, kijana wa kantini, miaka 16. Wenzake walizama nayo. Nyaraka hizo ziliwasaidia Waingereza kusoma siri za Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia ujumbe wa siri. Desemba, pamoja na manowari ya Wagiriki, Petard ikaizamisha Uarsciek, nyambizi ya Waitalia.

Nyambizi ya tatu ndiyo inayonikaba.

Tarehe 12 Februari 1944, mchana, karibu na Maldivi, I-27 ya Wajapani iliipiga Khedive Ismail kwa topido. Hazikutimia dakika mbili, meli imezama. Dakika mbili! Feri yetu hapo hata haijamaliza kupakia.

Walionusurika walikuwa wakielea, na nyambizi imejificha chini yao. Petard ikamwaga mabomu yanayolipukia majini, palepale penye watu. Najua, meli nyingine nne za msafara zilijaa askari, na nyambizi ingeweza kurudia. Hesabu hiyo naielewa. Siipendi.

I-27 ilipoibuka, Paladin, manowari nyingine ya msafara, ilijaribu kuigonga ikachanika ubavu. Petard ikafyatua topido moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoimaliza. Waliookolewa: wanaume 208, wanawake 6.

Petard yenyewe iliuzwa vyuma chakavu, ikavunjwa Scotland 1967.

Mwaka jana nilikuwa Nairobi kwa shughuli za harusi, nikachepuka mpaka makaburi ya vita, Ngong Road, penye ukuta wa majina ya wasio na kaburi. Nilianza kuhesabu. Mlinzi alinikuta bado nahesabu, akaniambia, "Mzee, tunafunga."