Siku moja maishani mwangu: afisa wa uwajibikaji kwa jamii kwenye kampuni ya magari ya umeme

Nikitaja kazi yangu, watu huuliza tumepanda miti mingapi. Hii hapa siku yangu ya jana.

Saa 1:30 asubuhi. Barua pepe, kikao cha idara, hesabu za umeme wa kiwandani. Hadi saa 4 yote yamekwisha.

Saa 4:15. Nampigia mgavi wa betri. Swali ni moja: kobalti, madini yanayotiwa kwenye betri, imechimbwa mgodi gani? Nyingi duniani hutoka Kongo, na sehemu yake huchimbwa kwa mikono kwenye mashimo ambamo watoto pia wameonekana wakifanya kazi. Ananitumia picha ya wafanyakazi wao wakikabidhi madawati shuleni. "Kaka, madawati ni jambo jema, ila mimi nimeuliza kobalti." Ananihamishia kwa mwenzake, naye yuko kikaoni. Nangoja. Napiga tena. Nangoja tena. Saa 7 na ushee cheti cha kuonyesha kobalti ilikotoka kinaingia. Nakikuza kwenye skrini: mzigo umetoka mgodini tarehe 14, umepokelewa kiwanda cha kusafisha madini tarehe 9, mwezi uleule. Nakirudisha.

Chakula cha mchana kimenipita. Meneja wa ununuzi anasimama mlangoni: "Dada, sheria yenyewe imeahirishwa, haraka ya nini?" Ni kweli. Kanuni ya betri ya Umoja wa Ulaya ya 2023 ilitaka kampuni zianze kuchunguza vyanzo vya kobalti, lithiamu, nikeli na grafiti asilia Agosti 2025, ikasogezwa hadi Agosti 2027. Lakini pasipoti ya betri, yaani rekodi ya kidijitali ya kila betri, inaanza Februari 2027, na aliye shimoni leo hana cha kuahirisha.

Kinachoniuma ni hiki: sheria za hewa ukaa za magari hupima moshi wa ekzosi. Gari la umeme halina ekzosi, basi kampuni inahesabiwa safi kabla ya yeyote kuuliza habari za mgodi. Enzi ambazo kuuliza kulikuwa hiari, barua zangu zilikaa wiki nzima bila jibu. Tangu kanuni ile ipite, mkurugenzi wa fedha huniulizia mwenyewe zimefikia wapi. Nafurahi, ingawa ningependa tungeanza bila kusukumwa.

Sikumbuki ilikuwa saa ngapi cheti kipya kilipofika, ila taa za korido zilikuwa zimezimwa. Tarehe zimekaa sawa. Penye jina la mgodi wameandika "mbalimbali".

Nikaandika swali lilelile upya, nikatuma, nikachukua mkoba.