Kamera tulizihamisha kutoka kwenye maji, tukazipeleka kwenye njia ya jangili

Kongoni yule tulimkuta alfajiri, mwili bado una joto. Kitanzi kilikuwa cha nyaya za tairi lililochomwa, zimesokotwa pamoja, bado zina masizi. Zilikuwa zimezama shingoni mpaka hazionekani. Mti aliofungiwa ulikuwa umechubuka gome mzunguko mzima, maana alizunguka usiku kucha akijaribu kujinasua. Nilihesabu hatua kutoka alipolala hadi kwenye kamera yetu iliyokuwa karibu: hazikufika 200. Kamera nzima, betri imejaa, na picha za usiku uleule zimo. Fisi, nungunungu, fisi tena. Binadamu hata mmoja hakuna.

Ilikuwa miezi mitatu tangu tuanze kutumia kamera hizi zenye akili mnemba. Mimi si askari wa doria. Ni fundi wa redio na mitambo wa hifadhi, kwa hiyo kazi ya kuzifunga nilipewa mimi. Nilikuwa nimesoma habari za Grumeti, magharibi mwa Serengeti, ambako kamera za TrailGuard zilijaribiwa mwaka 2018 na majangili wapatao 30 wakakamatwa. Nikaamini kwamba ukishakuwa na kifaa, kazi imekwisha. Nikazifunga kila penye wanyama wengi: kwenye maji, kwenye udongo wa chumvi, kwenye mapito ya tembo.

Siku ile ya kongoni tulikuwa na mzee mmoja wa kikosi, msoma nyayo ambaye kila askari kijana pale amefundishwa naye. Alikaa kimya mpaka tulipomaliza kukata kitanzi, kisha akaniambia, "Mwanangu, wewe umemvizia mnyama. Huyu mwenye nyaya umemvizia wapi?"

Hakungoja jibu. Alianza kufuata nyayo kinyumenyume, kutoka kwenye kitanzi kurudi zilikotoka. Tulitembea zaidi ya saa mbili. Njia ilikuwa nyembamba, mtu asiyeijua angeivuka bila kuiona. Ilishuka kwenye kijito kikavu, ikafuata ukingo upande ambao mtu aliye kilimani hawezi kukuona, halafu ikapanda katikati ya mawe mawili makubwa, kwa sababu kulia na kushoto ni miiba mitupu. Kwenye mwiba mmoja, usawa wa bega, palinasa uzi wa bluu wa nguo. Mzee akaugusa kwa kidole, akasema, "Hapa hana pengine pa kupita. Hata mimi ningepita hapa."

Maneno hayo ndiyo yaliyobadilisha kazi yangu yote. Mtu anapopita kati ya mawe yale akiingia, nyaya bado ziko begani. Hajatega kitu. Ukimpata hapo, kongoni wa kesho yuko hai. Kamera ya kawaida inayotunza picha kwenye kadi haikupi nafasi hiyo. Unaifungua baada ya wiki kadhaa, unaangalia sura ya mtu aliyekwisha kuua na kuondoka. Hizi zenye akili zina kichakataji kidogo ndani. Kihisi kinaiamsha kamera, inapiga picha, na palepale inapima: huyu ni mtu, ni mnyama au ni gari? Mnyama anabaki kwenye kadi. Picha ya mtu inatumwa mara moja kwenye chumba cha redio, na pia mahali alipo panaonekana kwenye ramani ya doria. Kwa kuwa haitumi kila swala anayepita, betri inadumu muda mrefu, na walio zamu hawachoki kutazama picha zisizo na maana.

Kuifunga vizuri pale kwenye mawe kulinichukua muda mrefu kuliko nilivyodhani. Kihisi hakioni mtu, kinahisi joto linalosogea. Mchana wa jua kali, majani yaliyopata moto yakipepea yanaiamsha kamera mara mia, na mwili wa mtu unapokaribiana joto na mandhari nyuma yake, huenda kisimhisi kabisa. Kwa hiyo nilifyeka majani mbele yake, machache tu, nisiache alama. Nikaigeuza isitazame mashariki wala magharibi, jua la asubuhi na la jioni lisiingie kwenye lenzi. Niliielekeza mshazari na njia badala ya kuikata njia, maana anayekatiza mbele yake anaweza kuwa amepita kabla haijaamka. Na niliipandisha juu ya kichwa cha mtu, ikiinama chini. Atembeaye porini usiku hutazama miguu yake.

Taa nayo ina habari yake. Usiku kamera huangaza kwa taa za infraredi, na aina zake hutofautishwa kwa urefu wa wimbi la mwanga. Za nanomita 850 zinaangaza mbali, lakini ukizitazama gizani utaona nukta nyekundu. Jangili akiiona mara moja tu, kamera imekwisha kazi. Tulichukua za 940, ambazo jicho halizioni. Picha yake ni hafifu na haifiki mbali, lakini kati ya mawe yale mtu anapita karibu sana, hivyo hafifu inatosha.

Bondeni kule mtandao haukuwepo. Tuliweka kituo kidogo cha kupokezana mawimbi kilimani, kikapokea kutoka kwenye kamera na kupeleka mbele. Kamera yenyewe niliisugua udongo kuondoa harufu ya mikono, maana fisi hutafuna chochote chenye harufu ngeni na tembo hung'oa.

Kosa langu kubwa lilitokana na nyani. Wanapokaa kitako kamera iliwaita binadamu, tena mara kadhaa kwa siku, na askari wakaanza kulalamika kwamba nawakimbiza bure. Nikapandisha kiwango cha uhakika ambacho kamera inahitaji kabla ya kutuma. Kelele zikaisha, nikapongezwa. Wiki mbili baadaye nilifungua kadi, nikakuta picha ya mtu aliyeinama chini ya mzigo wa nyama, kichwa kimefunikwa. Kamera ilimwona. Ilikosa uhakika wa kutosha, ikanyamaza kwa agizo langu mimi. Niliitazama picha ile muda mrefu. Siku hiyohiyo nikarudisha kiwango chini, na tukakubaliana hivi: mchana tunavumilia nyani, picha inakaguliwa kwanza kabla ya kumwamsha mtu. Usiku nyani wako juu ya miti wamelala. Usiku, kila tahadhari inafuatwa.

Ya kwanza iliyofuatwa hivyo iliingia saa tano na dakika kumi usiku. Watu watatu, wa katikati kabeba kitu cha mviringo begani. Kikosi hakikwenda kwenye kamera. Mzee aliwapeleka juu ya kijito, mahali alipojua njia inatokea, wakalala chini kwenye majani wakisubiri. Mimi nilibaki kwenye redio nikisikiliza ukimya tu, mikono inanitoka jasho. Saa saba kasoro nikasikia, "Wote watatu, salama." Kitu cha mviringo kilikuwa nyaya 53, hakuna hata moja iliyokuwa imetegwa. Asubuhi nilizihesabu mwenyewe, moja moja, sakafuni.

Kuna picha nyingine ambazo siwezi kuziacha bila kuzitaja. Kamera ya mpakani ilituletea akina mama wa kuni, mmoja na mtoto mgongoni. Hawakujua kuwa wanapigwa picha, na mimi sikuwa na haki ya kukaa nazo. Tuliandika utaratibu: picha ya mtu asiyehusika na ujangili inafutwa siku hiyohiyo, haipelekwi kwenye simu ya mtu yeyote, na kuhusu kuni, waokotaji tunawafuata mchana na kuzungumza nao. Nadhani kila anayefunga kamera hizi anapaswa kuanza na utaratibu huo kabla hata ya kununua betri. Vilevile mahali zilipo kamera panajulikana na watu wanne tu. Moja iliibwa mwanzoni, wakati ambapo kila mtu kambini alikuwa akipajua.

Mwezi uliopita tulirudi kwenye mawe mawili, mimi na mzee. Kamera haikuwa imetuma picha ya mtu kwa muda mrefu, nikataka kuhakikisha haijafa. Ilikuwa nzima. Lakini majani yalikuwa yameota katikati ya njia, na buibui alikuwa ametanda utando kutoka jiwe hadi jiwe, usawa wa kifua. Nilifurahi, nikamwangalia mzee nione kama naye anafurahi. Yeye alikuwa ameshageuka, anatazama ng'ambo ya kijito.

"Wamehama," alisema. "Ishushe."

Niliifungua kamera, nikaitia kwenye begi, tukavuka kwenda kuitafuta njia mpya.