Siku moja maishani mwangu: mdodosaji wa wasiwasi na sonona

Saa 11 alfajiri naamka, nakunywa chai, nahakikisha kishikwambi kimejaa chaji, naingia kwenye daladala ya Mbagala. Saa 1 na nusu niko kituo cha afya.

Kazi yangu ni udodosaji. Nawauliza watu wanaotibiwa wasiwasi na sonona wameishije wiki mbili zilizopita, na majibu nayageuza kuwa alama. Mtaani kwetu wanasema nahoji vichaa. Inaniuma, kwa sababu ninaowahoji ni mama lishe, mafundi, walimu, watu unaopishana nao kila siku.

Saa 2 hadi saa 4 ni waliokuja kliniki. Dodoso la PHQ-9 la sonona lina maswali tisa, la GAD-7 la wasiwasi lina saba, kila swali 0 hadi 3. Pale kazi inakwenda haraka.

Saa 5 nikafika nyumbani kwa mama mmoja (mambo yanayoweza kumtambulisha nimeyabadilisha). Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu. Kabla sijafungua swali la kwanza, shemeji yake akavuta kiti. "Huyu haumwi. Mwandikie tu ana mawazo." Kila nikiuliza, anajibu yeye. Hatuendelei na maswali ya siri mbele ya mtu mwingine, kwa hiyo nikahamia ya akiba: chandarua, maji, choo. Yakamchosha, akaondoka. Baada ya muda akarudi kutafuta chaja. Akarudi tena kuuliza kama kuna posho. Kila akirudi, nami narudi kwenye chandarua, na mama anakunja uso upya. Nilichoka hadi kichwa kikaanza kugonga.

Tulipobaki wawili, nikauliza kuhusu usingizi. "Namshukuru Mungu." Jibu hilo halina alama, na kumharakisha ni kumfunga mdomo. Nikamwambia, mama, tuanzie Ijumaa ile ya juzi, usiku wake ulikuwaje? Hapo akafunguka.

Mwanawe anaendesha bodaboda. Katikati ya mazungumzo mama akampigia simu: "Uko wapi? Umefika?" Akashusha pumzi, mabega yakalegea. Sijamaliza maswali mawili, kidole gumba kiko kwenye simu tena.

Kwenye hojaji yetu kuna ukurasa wa vitendo, unaouliza mtu anafanya nini hofu ikimshika, na umewekwa kwa ajili ya mambo kama haya. Nikamuuliza anapiga mara ngapi kwa siku, ahueni inadumu muda gani, na mwanawe asipopatikana anafanya nini. "Nakaa barazani. Sipiki, siogi, mpaka apokee." Yale maswali saba ya wasiwasi yanaonyesha hofu ni kubwa kiasi gani, ukurasa huu unaonyesha inalishwa na nini. Kila simu inamtuliza kidogo, kisha hofu inarudi, naye hapati nafasi ya kuona kwamba kijana angefika salama hata asipopigiwa. Nyumbani wanauita usumbufu. Kijana mwenyewe siku nyingine anazima simu, na hofu ya mama inapanda.

Swali la tisa la sonona, la kutamani kufa au kujidhuru, nalisoma lilivyoandikwa, bila kuinamisha macho, halafu nasubiri. Jibu likizidi sifuri siondoki. Nampigia muuguzi wetu hapo hapo. Mama alijibu, "Hata kidogo."

Nilipotoka jua lilikuwa limeshageuka. Chakula cha mchana sikukiona. Nyumba nyingine nilizipitia miguu ikiwaka moto, moja ikiwa na kufuli, nyingine mwenyewe akaomba nije kesho.

Jioni, wakati mtandao unasuasua kupeleka takwimu, msimamizi akapiga: kwa nini hojaji ya yule mama imechukua muda mrefu kuliko zote? Nikamweleza. Kwenye maelezo ya mdodosaji nikaandika kwamba alikatizwa mara kadhaa, na kwamba majibu yote ni yake mwenyewe. Alhamisi mama anaonana na mshauri, na ukurasa wa vitendo nimeuomba uwekwe juu kabisa kwenye jalada lake.