Figili ya Kijapani na majina yake jikoni

Tangu nihamie Osaka, mboga iliyonifunza maneno mengi ya Kijapani ni daikon, yaani figili nyeupe na ndefu, ambayo hunoga zaidi majira ya baridi. Ikikwaruzwa huitwa daikon oroshi, na huwekwa kando ya samaki wa kuchoma au kuchanganywa katika mchuzi wa tempura, yaani vyakula vilivyopakwa rojo la unga na kukaangwa, ili kupunguza uzito wa mafuta. Anayependa ukali hukwaruza ncha ya chini, kwa kuwa upande wa majani ni mtamu zaidi. Ikikaushwa nzima na kuvundikwa kwa pumba za mchele na chumvi huwa takuan, achari ya manjano ambayo, kusema kweli, harufu yake bado inanishinda.

Mlo ninaoupenda ni buri daikon, yaani figili iliyopikwa na samaki. Jirani yangu alinionyesha namna ya kuchonga kingo za vipande, kazi iitwayo mentori, ili visimomonyoke, kisha kuvichemsha kwanza kwa maji yaliyooshea mchele kabla ya kuvipika pamoja na samaki aina ya buri, mchuzi wa soya, sake (pombe ya mchele) na tangawizi, hadi kijiti cha kulia chakula kipenye bila kusukumwa. Maganda nayo hayatupwi: hukatwa membamba, yakakaangwa kwa mchuzi wa soya na sukari, yakaitwa kinpira.